Barua ya wazi kwa wanaosajili makurutu wa polisi: hongo ya barabarani huanzia uwanjani

Kwa wote wenye mamlaka ya kusajili na kufunza askari polisi wa Kenya.

Waheshimiwa,

MINT: USAJILI WA MAKURUTU WA POLISI

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili na Historia, mkazi wa Kaunti ya Kwale. Nimesomesha sekondari miaka thelathini na mmoja. Kila tangazo la kusajili polisi linapotoka gazetini, baraza yangu hujaa vijana. Huyu ataka nimtazamie vyeti vyake kama vimekamilika, yule ataka barua ya kumtambulisha, mwengine amekuja kuuliza tu kama ale wali usiku wa kuamkia mbio ama asile. Barua nilizowaandikia sizikumbuki idadi. Waliofika chuoni nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na vyabaki.

Siandiki hadharani kwa kupenda. Nimeandika barua mbili za faragha kwa ofisi niliyoelekezwa kuwa ndiyo inayohusika. Ya kwanza niliipeleka kwa mkono, na nakala yangu ikapigwa muhuri. Ya pili niliituma kwa rejista miezi minne baadaye. Sikuambiwa hata kwamba zimefika. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 yaipa ofisi ya umma siku 21 kumjibu mwananchi aliyeomba habari. Mimi nimengoja mwaka na nusu. Ofisi hiyo siitaji hapa, wala uwanja nitakaousimulia, kwa sababu ninalolalamikia halikuanza na mtu mmoja na halitaisha kwa kumhamisha mtu mmoja.

Yanayonisumbua ni haya.

1. Kazi ya maisha huamuliwa kwa siku moja, na hakuna karatasi inayobaki.

Nitawasimulia kijana mmoja niliyemfundisha. Jina lake silisemi. Mamake hushona makuti na kukaanga mahamri, babake alikwenda baharini asirudi. Alipata C katika KCSE, daraja mbili juu ya D+ mnayotaka. Kimo chake ni futi 5 na inchi 10, nanyi kwa mwanamume mwataka futi 5 na inchi 8. Shuleni hakuna aliyemshinda mbio za mita 5,000 tangu akiwa kidato cha pili. Tangu utotoni alitaka kuwa polisi. Nilipomuuliza sababu, alinijibu kwamba siku chombo cha babake kilipozama, askari mmoja wa kituo cha karibu alikaa na mamake ufuoni hadi alfajiri. Hakuwa na la kufanya, alikaa tu.

Mara ya tatu alipojaribu ilikuwa 2022, akiwa na miaka 26. Alifika uwanjani kabla ya alfajiri kupambazuka vizuri, akiwa na bahasha ya vyeti aliyoifunga kwa nailoni kwa kuhofia mvua. Walipangwa safu, wakakaguliwa vyeti. Wakakimbia, akawa wa pili. Wakavua viatu wakapimwa kimo. Wakafunguzwa vinywa wakahesabiwa meno, wakatazamwa nyayo na magoti. Kila hatua wengine waliambiwa waende nyumbani, yeye akabaki. Kufikia saa tisa alasiri walikuwa wamesalia wachache, na kifuani ana namba iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito.

Saa kumi na moja yakasomwa majina. Lake halikuwemo. Yalikuwemo majina ya vijana wawili ambao yeye na wenzake hawakuwaona wakikimbia. Alipouliza ameanguka wapi, aliambiwa nafasi zimejaa, arudi mwaka ujao. Hakupewa karatasi. Hakuonyeshwa alama. Hata ile namba ya kifuani alikwenda kuioga jioni, na ushahidi wake wote ukaingia mchangani pamoja na maji.

Usiku huo simu ikaita. Mtu ambaye hakujitambulisha alimwambia kwamba barua ya kuitwa chuoni bado yaweza kupatikana kwa laki tatu na nusu, na kwamba angoje hadi Ijumaa tu.

Mamake alikuja kwangu asubuhi akiwa na hati ya kishamba chao chenye minazi kumi na minane, akataka nimtafutie mnunuzi. Nilimkatalia. Nilimwambia kijana wake ataingia kwa haki siku moja. Waheshimiwa, hadi leo nikimkuta njiani napata tabu kumtazama usoni, kwa kuwa mimi ndiye niliyemwambia hivyo.

Haya si mageni kwenu. Julai 14, 2014 mlisajili makurutu 10,000 nchi nzima kwa siku moja. Malalamiko yalipozidi, Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA, ilikwenda mahakamani, na Oktoba 31 mwaka huo Jaji Isaac Lenaola akaufuta usajili mzima. Ufisadi na ukiukaji wa taratibu vilitajwa waziwazi. Aprili 2, 2015 magaidi wakaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, na katika uchungu ule Rais Uhuru Kenyatta akaamuru wale 10,000 waripoti chuoni licha ya uamuzi wa mahakama. Mwisho wa yote, mwezi huohuo wa Aprili vijana waliitwa uwanjani upya. Nchi nzima iliona gharama ya kusajili vibaya: siku tuliyohitaji askari kuliko siku zote, askari tuliodhani tumewapata walikuwa kesi mahakamani.

Baada ya somo kubwa namna ile, ningetarajia uwanja ubadilike. Bado ni uleule: safu, mbio, utepe wa kupimia, orodha inayosomwa jua likizama.

Niwaeleze kwa nini jambo hili lanikosesha usingizi kuliko mengine yote. Kijana aliyelipa laki tatu na nusu huingia kazini akiwa na deni. Pengine babake ameuza ng'ombe, pengine mjomba amekopa chama, na wote wamekaa wanangoja. Mpeni sare na bunduki, kisha msimamisheni kwenye kizuizi barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga. Dereva wa matatu anapokunja noti ya mia ndani ya leseni, mwadhani askari yule ataona kosa? Ataona rejesho. Tafiti za Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi zimewataja polisi miongoni mwa wanaodai hongo zaidi, mwaka baada ya mwaka, na kila mara twaambiwa kuwa dawa ni nidhamu na mishahara. Vyote viwili vyahitajika. Lakini mtu aliyenunua kazi ameshafunzwa somo lake la kwanza kabla hajavaa buti, na aliyemfunza ni yule aliyemsajili.

2. Vyeti vilivyofungiwa kabatini.

Mara yake ya kwanza, kijana huyuhuyu alirudishwa langoni kwa sababu alikuwa na karatasi ya matokeo badala ya cheti halisi. Cheti kilikuwa kimezuiliwa shuleni kwa karo iliyosalia. Serikali imetangaza mara kadhaa kwamba shule haina ruhusa ya kuzuia cheti cha mtahiniwa, na bado kuna makabati yamejaa vyeti vya watoto wa maskini. Nimefanya kazi katika shule, nayajua makabati hayo. Baraza la Mitihani lina njia ya kuthibitisha matokeo ya mtahiniwa kwa taasisi inayoyataka. Mkitaka, karatasi hiyo yaweza kumtosha kijana siku ya usajili, na cheti kikadaiwa baadaye.

Ongezeni hapo shilingi 1,050 za cheti cha tabia njema na nauli ya kwenda kuchukuliwa alama za vidole. Kwa anayeshona makuti hizo ni siku nyingi.

3. Umri husonga hata mnapokuwa hamsajili.

Mwataka kijana wa miaka 18 hadi 28. Ni sawa, kazi yataka nguvu. Lakini baada ya ule usajili wa 2022 vijana walikaa miaka mitatu na ushei wakingoja mwingine. Kisha 2025 ulipokaribia ukakwama tena, Tume ya Huduma ya Taifa ya Polisi na ofisi ya Inspekta Jenerali zikivutana juu ya nani hasa mwenye mamlaka ya kuajiri, na kesi zikaenda mahakamani. Kijana wangu alizaliwa Machi 1996. Uwanja ulipofunguliwa Novemba 2025 alikuwa na miaka 29. Aliendelea kukimbia kila alfajiri muda wote huo. Nilikuwa namsikia akipita nje ya dirisha langu.

Hapa Kwale kuna mkasa mkubwa kuliko wake. Wamakonde wa Msambweni waliishi vizazi bila kitambulisho hadi walipotembea kwa miguu kuelekea Nairobi Oktoba 2016, ndipo wakatambuliwa na kupewa vitambulisho mwaka uliofuata. Wapemba wa pwani hii walingoja hadi 2023. Kijana wa Kipemba aliyekuwa na miaka 28 wakati huo alipata haki ya kuomba kazi hii na kuipoteza karibu kwa pumzi moja. Hakuna kosa alilolifanya.

4. Sura ya nchi.

Katiba, Kifungu cha 246(4), yataka Huduma ya Polisi iakisi maeneo na makabila yote ya Kenya. Kifungu cha 238 chasema hivyohivyo kuhusu vyombo vyote vya usalama. Sisi hatuombi upendeleo. Twaomba kujua. Kila usajili ukiisha, ni wangapi walitoka Kwale, Tana River, Lamu? Wangapi ni wanawake? Mambo hayo yangebandikwa ukutani, minong'ono mingi ingekwisha.

Huenda kwenu hii ni hesabu tu. Kwetu ina historia. Agosti 13, 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa na askari wakauawa, na katika misako iliyofuata watu wengi wasio na hatia wa upande huu walipigwa na kuteswa. Wazee wa kijiji changu hadi leo wakiona gari la polisi huwaita watoto ndani. Askari anayemsalimu mzee kwa Kidigo, anayejua kwamba ukifika nyumba ya mtu hupigi mlango kwa kitako cha bunduki bali wabisha hodi, angeyaponya mengi ambayo semina haziponyi. Askari kama huyo nilimlea darasani. Mmemrudisha nyumbani mara tatu.

5. Mafunzo yenyewe.

Hapa sitasema mengi, maana mimi sikupita chuo cha polisi. Nitasema nililoambiwa na msichana niliyemfundisha ambaye alibahatika, akahitimu, sasa ni konstebo mbali na kwao. Chuo alichopitia sikitaji. Aliniambia gwaride analijua hata usingizini. Masomo ya sheria yalikuwepo, ila mara nyingi yaliangukia alasiri, miili imeshachoka na macho yanafumba. Wiki yake ya kwanza kituoni aliletewa mama aliyebakwa, akasimama nyuma ya kaunta hajui aanze na swali gani. Alimfunika leso yake akamwita mwenzake. Asema hajajisamehe kwa zile dakika kumi.

Kifungu cha 244 cha Katiba chataka askari wafunzwe kwa kiwango cha juu kabisa cha umahiri na uadilifu, na kuheshimu haki za binadamu. Juni 2025 mwalimu mwenzangu, Albert Ojwang, alikamatwa Homa Bay akiwa mzima na akafa akiwa mikononi mwa polisi katika kituo cha Central, Nairobi. Mimi sikumjua. Nilimlilia kama ninavyolilia mwanafunzi. Najiuliza usiku ule, miongoni mwa wote waliokuwa kituoni, kama kulikuwa na hata mmoja aliyefunzwa kusimama na kusema hapana, na akaamini kwamba chuo kilimfunza hivyo kwa dhati.

Najua mtakayonijibu, kwa sababu nimeyasikia redioni kila mwaka.

Mtasema tangazo huandikwa wazi kwamba usajili ni bure, na kwamba aliyeombwa hongo apige ripoti. Apige vipi? Sheria ya Hongo ya 2016 yamtia hatiani mtoaji sawa na mpokeaji, na mzazi aliyekwisha kutoa hata elfu tano ya utangulizi huogopa kujishtaki mwenyewe. Asiyetoa naye huogopa kijana wake atawekewa alama. Na simu ya usiku haina jina.

Mtasema waombaji ni wengi mno kupewa karatasi na sababu mmoja mmoja. Watahiniwa wa KCSE sasa wapita laki tisa kwa mwaka. Kila mmoja ana namba, na kila mmoja hupata alama zake kwa kila somo. Nimesahihisha mitihani hiyo miaka mingi, nimekaa kwenye meza zile hadi vidole vikafa ganzi. Ikiwa walimu waweza kwa laki tisa, nyinyi mwaweza kwa walioingia uwanja mmoja wa kaunti ndogo.

Mtasema, kila ofisi kwa zamu yake, kwamba jambo hili ni la ofisi nyingine. Ndiyo sababu sikuiandika barua hii kwa ofisi moja. Mahakama zitaamua nani mwenye kalamu. Kijana hajali kalamu ni ya nani, ajali tu kama yaandika haki.

Na mtasema, kama afisa mmoja alivyowahi kuniambia ana kwa ana, kwamba vijana wa Pwani hawajitokezi, wapenda kukaa maskani. Karibuni kwangu wiki ya tangazo. Njooni saa kumi na moja alfajiri muwahesabu barabarani wakikimbia kwa ndara kwa sababu raba wameziweka za siku yenyewe. Dau la mnyonge haliendi joshi, wazee wetu walisema, lakini madau ya vijana hawa yameshapigwa makasia miaka mingi na bado yazuiwa bandarini.

Ninayoomba ni haya:

a) Kila mwombaji apewe namba iliyochapishwa, na alama zake za kila hatua zibandikwe uwanjani siku hiyohiyo na katika ofisi ya chifu kesho yake.

b) Anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi, kama Kifungu cha 47 cha Katiba kinavyompa haki, pamoja na muda na mahali pa kukata rufaa kabla barua za kuitwa chuoni hazijatolewa.

c) Wanaosajili katika kaunti ndogo wajulishwe kituo chao asubuhi ya siku hiyo, wasiwe wenyeji wa eneo hilo, na IPOA pamoja na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu wawe na mtu katika kila uwanja, hadi jina la mwisho lisomwe. Hasa hapo mwishoni.

d) Thibitisho la matokeo kutoka Baraza la Mitihani likubaliwe kwa yule ambaye cheti chake kimezuiliwa.

e) Miaka ambayo usajili haukufanyika iongezwe kwenye kikomo cha umri, na waliocheleweshewa vitambulisho na dola yenyewe wafikiriwe kwa namna hiyohiyo.

f) Baada ya kila usajili itangazwe idadi ya waliochukuliwa kwa kaunti ndogo, kwa jinsia na kwa kabila.

g) Mtaala wa mafunzo utangazwe, tujue ni saa ngapi za sheria, za kumhudumia aliyedhulumiwa na za kumtunza aliye kizuizini, na masomo hayo yawekwe asubuhi.

h) Barua hii ijibiwe ndani ya siku 21. Nakala iliyopigwa muhuri na risiti ya rejista ninazo. Nitazileta popote nitakapoitwa, kwa nauli yangu.

Kijana yule sasa aendesha bodaboda. Juzi alisimama nyumbani kwangu na mdogo wake wa kike, aliyemaliza kidato cha nne. Msichana amepata C+, ana miaka 19, kimo chake nimekipima mwenyewe ukutani kwa rula: futi 5 na inchi 5. Ataka kuwa polisi. Aliniuliza kama nitamwandikia barua ya kumtambulisha, na nimeshaiandika. Iko mezani hapa kando ya hii. Mamake ameniuliza kama kile kishamba akiache hivyohivyo au aanze kutafuta mnunuzi mapema, na nimemwomba angoje jibu lenu.

Wenu mwaminifu,

Mwalimu mstaafu,
Kaunti ya Kwale